Senti za Marekani hazikuwa za shaba ya namna moja

Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita kuhusu kusitishwa kwa senti moja ya Marekani mwaka 2025 ilieleza kwamba sarafu hiyo ilikuwa ya shaba nyeusi (shaba iliyochanganywa na bati) tangu mwanzo hadi zinki iliposhika nafasi yake mwaka 1982. Naona chanzo cha kosa ni neno letu "shaba", ambalo hubeba madini zaidi ya moja.

Senti za kwanza kuingia katika mzunguko, zilizotoka kiwanda cha sarafu cha Philadelphia mwaka 1793, zilikuwa za shaba nyekundu tupu, kwa kuwa ilitakiwa thamani ya sarafu ikaribiane na thamani ya madini yake. Sheria ya 1792 ilipanga uzito wa takriban gramu 17, lakini kabla hata ya sarafu hizo kugongwa uzito ulishushwa hadi gramu 13.48, na kufikia mwisho wa 1795 ukashushwa tena hadi 10.89. Shaba ilikuwa adimu kiasi kwamba kiwanda kilinunua vipande mfano wa sarafu vilivyotolewa na wafanyabiashara wa New York, kikavikata na kuvigonga upya kuwa nusu senti. Ukizigeuzageuza baadhi ya hizo kwenye mwanga, herufi za wenyewe wa kwanza bado zinasomeka.

Mimi ninayo senti ya 1851, niliyoletewa na binamu yangu. Sonara mmoja hapa Mombasa aliniwekea kwenye mizani yake ikasoma gramu 10.6, nayo ni pana kuliko shilingi ishirini yetu. Si ajabu kwamba mwaka 1857 iliachwa, ikaja ndogo ya asilimia 88 shaba na 12 nikeli, yenye rangi ya weupeweupe na ngumu kiasi cha kuvunja mihuri ya kugongea.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, watu walizificha sarafu hizo, na wenye maduka wakatoa vipande vyao vyembamba vya shaba nyeusi, vikapokewa bila mtu kuuliza uzito. Serikali ikaiga. Shaba nyeusi, yaani asilimia 95 shaba na iliyobaki bati na zinki, iliingia Aprili 1864 ikiwa madini ya tatu, wala si ya kwanza. Hata baada ya hapo, senti za 1943 zilikuwa za chuma kilichopakwa zinki, kwa sababu shaba ilihitajika vitani.

Naomba masahihisho yachapishwe, na makala zijazo zitaje waziwazi ni shaba nyekundu au shaba nyeusi.

Mkusanyaji wa sarafu,
Mombasa