Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti, pamoja na maelezo kuhusu lile suala la kusafisha sauti za santuri kwa mkono

Ndugu wanachama, nawasalimu nyote, na nyinyi wachache mliofika leo nawashukuru zaidi.

Nianze na ya kawaida tuyamalize. Vikao vya kamati vilifanyika, sindano ya mashine ya kuchezea ilibadilishwa, siku ya kuosha santuri ilikuwepo na picha mliziona kwenye grupu. Santuri zilizoingizwa kwenye kompyuta ni 64, yaani LP, zile kubwa za nyimbo nyingi, ni 41, zile ndogo za mizunguko 45 kwa dakika ni 17 na za zamani za mizunguko 78 ni 6, na zilizokamilika kusafishwa sauti ni 22. Mnaoguna kwamba 22 ni chache subirini, nafika huko. Halafu jamani za 78 msizifute kwa spiriti, zile ni za shelaki, aina ya utomvu, na spiriti inaiyeyusha, tulishaambizana hili na bado kuna mtu kaleta sahani imebabuka.

Sasa lile suala. Kamati iliamua kwa kura 4 dhidi ya 3 kwamba faili zote za LP na 45 zinazoingia maktaba ya chama zisafishwe tiki, yaani ile milio mifupi ya vumbi na mikwaruzo, kwa mkono, moja moja, na ile kazi ya kubonyeza kitufe kimoja programu ifagie santuri nzima isimame. Maneno niliyoyasikia baada ya hapo nayajua yote, ati mwenyekiti hana kazi nyingine, ati anataka watu wakeshe. Mwanachama mmoja alijitoa na faili zake. Ni haki yake, lakini kikao chenyewe hakuja.

Chukueni ile LP yenye matarumbeta upande wa pili. Programu inapotafuta tiki inatafuta nini? Inatafuta mahali sauti imeruka ghafla na kurudi. Sasa tarumbeta ikiingia kwa nguvu nayo inaruka ghafla, fimbo ikigonga ukingo wa ngoma nayo hivyo hivyo, mashine haijui lipi ni vumbi na lipi ni pumzi ya mtu. Nilizipiga faili mbili mbele ya kamati, iliyofagiwa na iliyosafishwa kwa mkono, na kwenye iliyofagiwa kila noti ya tarumbeta inaanza butu, kama mtu anapuliza nyuma ya pazia. Hata waliopiga kura ya hapana walisikia, waulizeni wapo.

Na kazi yenyewe si mateso kama inavyosimuliwa. Unavuta zumu mpaka wimbi la sauti kwenye skrini linakuwa vitone vya sampuli, yaani vile vipimo vidogo vidogo vinavyounda sauti kwenye kompyuta, tiki inaonekana kama mwiba umechomoza, unachagua hapo hapo tu, halafu unaiachia programu ichore upya kwa kufuata kilichopo kushoto na kulia. Kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, ile amri ya Repair ya kurekebisha inakubali sampuli 128 kwa mara moja na si zaidi, ambayo kwa faili ya sampuli 44,100 kwa sekunde ni kama milisekunde 2.9. Wapo wanaonung'unika kwamba ni kidogo, mimi naona ndiyo dawa yake, inakuzuia kubomoa. Na mkwaruzo uliokatiza mifereji, ile mistari sindano inamopita, unarudi kila mzunguko, LP inazunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, kwa hiyo tiki inarudi kila sekunde 1.8, ukiipata ya kwanza ruka mbele sekunde 1.8 utaikuta ya pili inakusubiri. Usipoiona kwenye wimbi fungua spektrogramu, ile picha ya sauti besi ikiwa chini na sauti nyembamba juu, pale inasimama kama mstari mwembamba kutoka chini mpaka juu.

Tatizo kubwa zaidi ni wanaokata. Mtu anachagua tiki, anafuta kipande chote, kimya kweli kinakuja lakini wimbo umefupika, fanya hivyo mara kumi kwenye ubeti mmoja mpiga ngoma anaanza kuyumba kama kalewa. Faili za namna hiyo nimezirudisha na nitaendelea kuzirudisha.

Zile za 78 tumeziruhusu zifagiwe na programu kidogo kwanza, maana mchakacho wake hauna mwisho, kwa hiyo msiseme kamati haisikilizi. Na lile la santuri za mono, zile zenye sauti moja tu, kuziingiza kwa chaneli mbili, kushoto na kulia, ni mimi nililileta, naomba liandikwe, kwa sababu mara nyingi mkwaruzo umeumiza ukuta mmoja tu wa mfereji, kushoto kunapiga kelele, upande wa kulia haujaumia, unachukua wa kulia tu, jioni nzima umeiokoa.

Faili ghafi zote, yaani zilivyoingizwa kabla ya kusafishwa, zipo, hazijaguswa. Anayeamini nimekosea achukue ghafi afagie kwake nyumbani asikilize, ila maktaba ya chama haiingii.

Nirudi kwenye kinachouma. Wanachama tuko 38, waliolipa ada ni 13, waliofika mkutano uliopita ni 9 wakati akidi ni 19, na ndiyo maana uamuzi ulibaki kwa kamati, sasa kamati ingefanyaje? Wanaopiga kelele nyingi kwenye grupu kuhusu tiki nimewaangalia kwenye daftari la ada, majina siyataji. Diski ya akiba ya kuhifadhia hizo ghafi haijanunuliwa mpaka leo kwa sababu hiyo hiyo, nakala ya pili inakaa kwenye kompyuta yangu binafsi na sijadai kitu.

Mwaka ujao tunatarajia kuwa na semina ya kusafisha sauti, tukipata ukumbi na hedifoni za kutosha, na Mungu akipenda zile 42 zilizobaki zitapungua. Aliyeazima brashi ya sindano airudishe kwa katibu. Hesabu atazisoma mweka hazina, akifika.