Kwa mdogo wangu unayetaka kuweka mahindi stoo hadi Januari

Kamwene, mdogo wangu.

Umeniuliza bei ya mahindi itafika ngapi Januari, ukauliza pia kwa nini watu wa Wanging'ombe wameanza kukuita mlanguzi hata gunia moja hujanunua. Wewe unaona ni maswali mawili. Mimi naona ni moja.

Tuanze na hesabu. Tuseme Julai unanunua gunia la kilo 100 kwa shilingi 60,000, yaani 600 kwa kilo. Mfuko usiopitisha hewa 5,000, usafiri 4,000, kupakia na kushusha 1,000, stoo 500 kwa mwezi kwa miezi 7 ni 3,500, riba ya mkopo asilimia 2 kwa mwezi ni 8,400. Jumla 81,900. Halafu kuna maji. Baridi na ukungu wa huku kwetu havikaushi mahindi haraka. Yakiingia na unyevu wa asilimia 16 ukayaanika hadi 13, kilo 100 zinabaki 96 na nusu. Kwa hiyo kilo ikiuzwa chini ya 849, umekula mtaji. Weka tarakimu zako, ila usiruke hata moja. Huna kipima unyevu? Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi na chumvi kavu, tikisa, subiri robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, usishone mfuko, maana humo ndani mahindi hayakauki tena. Yataota ukungu, na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupepeta.

Je, 849 itafika? Mwaka 1938 mchumi Mordecai Ezekiel alieleza mtego wa mkulima anayedhani bei ya leo ndiyo ya msimu ujao. Wachumi huuita utando wa buibui. Ukipita Ilula utauelewa bila mchoro: nyanya zikipata bei, kila mtu anasia mbegu, na miezi minne baadaye matenga yamejaa kando ya barabara hayana mteja. Wengi wanaacha kulima, bei inapanda, wanarudi. Phillip Cagan mwaka 1956 na Marc Nerlove mwaka 1958 walisema mtu si kipofu kiasi hicho: husogeza matarajio yake kidogo kidogo kwa kadiri alivyokosea. John Muth akauliza mwaka 1961: kama kosa linajirudia na linaonekana, kwa nini wakulima wenyewe wasilione? Chukulia swali hilo lako. Kama wewe unajua Januari mahindi hupanda, na jirani anajua, na tajiri wa Tunduma anajua, wote mtafunga stoo Julai na kuzifungua kwa pamoja Januari. Bei itapanda kiasi cha kulipa mfuko, stoo na riba, basi. Na hapo sijataja Serikali: mwaka 2011, na tena 2017, mahindi yalizuiwa kuvuka mpaka, na waliokuwa wamehesabu bei ya nje wakabaki na magunia.

Ila Muth namkubali nusu tu. Anayekuuzia Julai anaijua Januari vizuri kuliko wewe. Deni la mbolea halimsubiri, ada haimsubiri. Ujuzi anao, uwezo wa kungoja hana, na sehemu kubwa ya faida yako inatoka hapo hapo. Naye analiona hilo. Ndiyo maana neno mlanguzi linakuja mapema. Tena ni neno lenye historia: mwaka 1983, katika msako wa wahujumu uchumi, watu walikamatwa kwa bidhaa zilizofichwa stoo.

Usidhani ni ushamba wetu. Mwanahistoria E. P. Thompson alionyesha mwaka 1971 kwamba watu wa Uingereza ya karne ya 18 walipovamia wenye ngano, mara nyingi hawakuiba: waliiuza kwa bei waliyoiona ya haki na kumkabidhi mwenyewe hela yake. Mwaka 1986 watafiti Kahneman, Knetsch na Thaler waliuliza watu wa Kanada kuhusu duka lililopandisha beleshi la theluji kutoka dola 15 hadi 20 asubuhi ya baada ya dhoruba. Asilimia 82 walisema si haki. Gharama ya mwenye duka ikipanda, watu hao hao huvumilia. Nauli ikipanda kwa sababu ya dizeli tunanung'unika na kulipa. Ikipandishwa kinyemela kwa sababu ni Desemba na watu wanakwenda kwao, kondakta atasikia ya kumtosha. Basi gharama zako zitaje waziwazi: stoo, mfuko, riba. Ukisema "soko ndilo limeamua", umejichongea.

Lumbesa usiiguse. Gunia likishaongezewa kipande juu na kushonwa kwa kamba, au debe likagongwa matako hadi likatoka tumbo, bei uliyotamka si bei tena, na mkulima hatasahau. Nunua kwa mzani uliokaguliwa na Wakala wa Vipimo, uuweke pale anapousoma mwenyewe.

Kubwa zaidi ni mikopo ya Februari, ile ya kumpa mtu debe moja arudishe mawili Julai, au ya kununua mahindi yakiwa bado shambani. (Kagera kwenye kahawa huiita butura.) James Scott, aliyeandika mwaka 1976 kuhusu wakulima wa Burma na Vietnam, aliona kwamba mkulima hapimi kwanza kilichochukuliwa, anapima kilichobaki, kama kitafikisha nyumba msimu mwingine. Samuel Popkin alimpinga mwaka 1979, akisema mwanakijiji naye hupiga hesabu ya faida yake. Sawa, lakini hesabu yenyewe inaanzia kwenye chakula. Kwa hiyo usidai gunia 3 kwa ekari mvua inyeshe isinyeshe. Dai sehemu ya kilichovunwa, tuseme gunia moja katika kila sita, na muandikiane mbele ya balozi wa nyumba kumi kwamba magunia ya kwanza ya chakula hayaguswi. Idadi aitaje mama mwenye nyumba, kwa sababu ndiye anayejua debe moja la unga linakwisha siku ngapi.