Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Dawa ya Mapenzi Yafika Mwaloni

Ndugu wanachama,

Mwaka huu tumefanya kazi moja kubwa, opera (mchezo wa kuimbwa) ya vichekesho ya Donizetti, mtunzi Mwitaliano, L'elisir d'amore, ambayo sisi tumeiita Dawa ya Mapenzi. Habari za fedha atazisoma mweka hazina. Mimi nitasema juu ya opera yenyewe.

Baadhi yenu mliniuliza kwa nini tuhangaike na kazi iliyoonyeshwa mara ya kwanza Milan mwaka 1832. Jibu langu ni Dulcamara. Felice Romani, mwandishi wa maneno, anamwingiza kijijini tapeli anayejiita daktari, tarumbeta likimtangulia. Dawa yake ni moja: inatibu meno, inaua panya na kunguni, inafariji wajane. Nani kati yetu hajawahi kusimama sokoni Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, akamsikiliza mtu wa namna hiyo? Tulimpa bajaji yenye spika juu, basi. Adina, msichana tajiri wa kijiji, ambaye huanza kwa kuwasomea wanakijiji kitabuni kisa cha Tristan na Isolde na dawa yao ya mapenzi, alisoma kwenye simu. Sajenti Belcore, anayetaka kumwoa, aliingia na matarumbeta kama bwana harusi. Na ile chupa ya mvinyo wa Bordeaux anayouziwa Nemorino, kijana maskini anayempenda Adina, kwa jina la dawa ikawa mvinyo wa Dodoma.

Tafsiri ndiyo iliyotutoa jasho. Kiswahili na Kiitaliano vinaelewana kwa irabu, na mwimbaji hapati shida kufungua mdomo. Shida ni mkazo. Wimbo maarufu wa Nemorino, anapoliona chozi la siri la Adina, unaanza "Una furtiva lagrima", na neno la mwisho linakazwa silabi ya tatu kutoka mwisho, wakati Kiswahili hukaza ya pili. Kila tulipobandika neno letu pale, lilisikika limevunjika mgongo. Usiku mmoja kijana wetu wa tenori, sauti ya juu ya kiume, anayemwimba Nemorino, akaimba "Nimeliona chozi la", akaiacha "siri" ivuke kwenda mstari wa pili. Silabi nane kwa nane, na "chozi" limekaa palepale palipo na mkazo. Tulinyamaza wote. Kwangu mimi, hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote tulizofanya mwaka huu. Donizetti alianzisha wimbo huo kwa fagoti, ala ya kupuliza yenye sauti nzito; hatuna, kwa hiyo mpiga tromboni wa matarumbeta aliupuliza kwa sauti ya chini, na mama mmoja mbele yangu akaanza kufuta macho kabla tenori hajatia neno.

Mazoezi yalifuata mwezi. Besi wetu, wanaume wa sauti nzito, wengi wanavua dagaa, na dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Kwa hiyo tulikutana siku za mbalamwezi tu, nao waliponung'unika kwamba wanakosa kupumzika, walikuwa na haki. Nawashukuru. Taa zao za kuvulia ndizo zilizomulika jukwaa letu la ufukweni, na wimbo wa wawili wa Dulcamara na Adina, ambao Donizetti aliutunga kwa mwendo wa wapiga makasia, ulipata mahali pake hapo kuliko tungeuimba ukumbini.

Sasa niseme jambo lililotugawa. Katika opera Dulcamara haadhibiwi. Anaondoka kwa shangwe, kijiji kizima kimenunua chupa zake. Wapo waliotaka polisi waingie mwishoni wamkamate. Nilikataa, na bado nakataa: mapenzi ya Adina yalionekana kwenye lile chozi lake, hayakutoka kwenye chupa, na mtazamaji aachiwe aone mwenyewe. Lakini baada ya onyesho la kwanza watu watatu walimfuata mwimbaji wetu nyuma ya jukwaa wakamuuliza bei ya dawa, na mmoja alikuwa na mgonjwa nyumbani. Hilo lilinikosesha usingizi. Wazee walinikumbusha kwamba huku Usukumani watu wa Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, wameshindana kwa dawa za kuvutia watazamaji tangu enzi za waanzilishi wao, Ngika na Gumha. Dawa jukwaani si mchezo mtupu kwa kila aliyepo. Nilipaswa kulijua hilo mapema. Kuanzia onyesho la pili, baada ya waimbaji kuinama, Dulcamara alivua koti, akajitambulisha kwa jina lake, akamimina chupa mbele ya watu na kusema ni maji ya rozela. Opera haikuguswa hata noti moja.

Ukumbi tuliokuwa tumelipia kwa onyesho la mwisho ulipewa harusi siku ileile, ndiyo maana onyesho hilo lilichelewa. Tumerudishiwa fedha.

Kamati inapendekeza mwakani tuipeleke Ukerewe na Sengerema. Sengerema sasa ni rahisi kwa daraja la Kigongo–Busisi. Ukerewe itabidi tupakie bajaji kwenye kivuko, na gharama yake mtaipigia kura leo. Tunahitaji pia soprano (sauti ya juu ya kike) wa pili kwa ajili ya Giannetta, msichana wa kijijini, kwa kuwa tuliyenaye anakwenda chuoni.

Mazoezi yataanza mbalamwezi ijayo, ufukweni palepale. Besi njooni na taa.

Mwenyekiti