Kwa Binti Yangu, Muuguzi Mfawidhi

Mwanangu mpendwa,

Sisi hapa nyumbani hatujambo, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali. Habari ya kuteuliwa kwako kuwa muuguzi mfawidhi wa wodi ya wazazi tumeipokea kwa furaha, na baba yako amekwisha kuwatangazia majirani kana kwamba umekuwa waziri. Kwenye simu uliniuliza utawezaje kuwa mpole kwa wenzako mliokuwa zamu moja hadi juzi, bila wao kukupanda kichwani. Nilikujibu haraka kwa kuwa salio lilikuwa linakwisha, kwa hiyo leo nimekaa nikuandikie.

Mimi nililelewa kazini na matroni aliyeamini kwamba ukicheka na nyani utavuna mabua, na nilipokabidhiwa wodi niliibeba methali hiyo pamoja na funguo za kabati la dawa. Sikumtukana mtu wala kumwonea. Nilikuwa na uso mkavu tu, na niliuonea fahari, kwa maana nilipoingia wodini minong'ono ilikatika na shuka zikanyooshwa. Ilinichukua miaka mingi kutambua kwamba wenzangu hawakuwa nyani.

Usiku mmoja, saa nane, muuguzi kijana aliyekuwa na miezi michache tu tangu amalize chuo alimtuma mlinzi aje kunigongea kwenye nyumba za watumishi. Nilimkuta mzazi anatetemeka kwa ile baridi inayowapata wengi baada ya kujifungua. Damu ilikuwa ya kiasi na mapigo ya moyo yametulia. Nilimtazama yule binti, nikamwambia, "Umenitoa kitandani kwa hili?" Nikarudi kulala.

Wiki chache baadaye alikuwa tena zamu ya usiku. Nilipoingia saa moja kasoro robo asubuhi nilimkuta ameinama juu ya mzazi mwingine, khanga ya tatu imeloa chini yake, midomo ya mgonjwa imepauka. Huhitaji kufundishwa na mimi kwamba baada ya kujifungua kwa kawaida mililita 500 ndizo tunazoanza kuziita damu nyingi, wala kwamba kutokwa damu huko ndiko kunakoongoza duniani kwa kuua wazazi, tena kwa muda wa saa chache. Mama yule alipona, lakini baada ya kuongezewa damu na kuondolewa kizazi, na yule alikuwa mtoto wake wa kwanza. Binti alikuwa amefanya yote aliyofundishwa, dawa amempa, tumbo amelikanda, ila kwa zaidi ya saa mbili hakumwita mtu. Nilipomwuliza sababu, aliinamisha kichwa akasema alitaka kwanza awe na uhakika.

Uhakika huo nilikuwa nimeudai mimi, kwa maneno manne.

Kwa hiyo ninapokuambia uwe kiongozi anayefikika, sizungumzii kuchekacheka, wala kununua maandazi ya chai ya saa nne, ingawa maandazi hayajawahi kumdhuru mtu. Nazungumzia namna utakavyompokea yule atakayekuletea jambo ambalo halikuwa na uzito. Mtu akikuamsha bure, mshukuru, kisha mwonyeshe palepale kitandani ni dalili gani zingekutisha wewe, na umwambie aite tena. Utapoteza usingizi. Wodi nzima itakuwa imejua kufikia asubuhi ulipokeaje wito ule, maana unajua jinsi habari zinavyosafiri kwenye chumba cha chai.

Wakati wa kukabidhiana zamu usiulize kama kila kitu kiko sawa, kwa sababu swali hilo limekwisha kubeba jibu lake, na muuguzi aliyechoka atakujibu "ndiyo" akaenda zake. Uliza ni mgonjwa gani aliyemtia wasiwasi usiku, halafu nyamaza umsubiri. Na usimsahau mhudumu wa usafi. Mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuona sakafu chini ya kitanda.

Usidhani haya ni maneno ya bibi aliyestaafu. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kukagua katika upasuaji, na miongoni mwa hospitali 8 zilizoijaribu mojawapo ilikuwa hapa kwetu, Ifakara. Katika hospitali hizo kwa jumla, vifo vya waliopasuliwa vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha hiyo inataka, kabla kisu hakijagusa ngozi, kila aliyemo chumbani ataje jina lake na kazi yake. Sidai kwamba kutaja majina peke yake ndiko kulikookoa watu, lakini naelewa kwa nini limewekwa: aliyekwisha kufungua kinywa mara moja mbele ya daktari bingwa, mara ya pili haimwii vigumu.

Kuhusu kupandwa kichwani, wasiwasi wako ni mkubwa kuliko jambo lenyewe. Anayejaza chati ya joto bila kupima, mwite ofisini, funga mlango, mwambie bila kuzungusha maneno, na umwandikie barua akirudia. Ila usimfokee mbele ya wagonjwa na ndugu zao, kwani atakayekoma ni yule mwingine aliyekuwa anasikiliza, naye atakoma kusema.

Yule binti nilikutana naye kwenye msiba mwaka juzi, naye sasa ana mvi. Nilimwomba radhi. Akaniambia kwamba usiku ule wa pili hakumtuma mlinzi, alikuja mwenyewe mbio hadi barazani kwangu, akasimama pale mlangoni, akaona taa imezimwa, akarudi wodini.

Wako akupendaye,
Mama