Kayaki haina injini, lakini ina kafi

Mhariri,

Wageni wa visiwa vidogo vya hifadhi katika bahari za joto huambiwa kwamba wakitembea kwa miguu na kupiga kafi hawaharibu kitu, kwani hakuna injini wala mafuta. Nakubali nusu tu.

Kayaki, mtumbwi mwepesi wa kupiga kafi, huelea hata penye maji ya magotini, na hapo ndipo taabu inapoanza. Maji ya bamvua, yale yanayojaa na kupwa kuliko kawaida, yakipwa, matumbawe hubaki karibu na uso. Asiyezoea hukwama, hukita kafi juu yake na kujisukuma. Unasikia "kach!" Matumbawe ya matawi huweza kurefuka sentimita 10 kwa mwaka, lakini yale ya mviringo hukua takriban sentimita 1 tu. Hesabu mwenyewe miaka ya kurudisha kilichovunjika.

Hata ukimya wa kayaki, unaosifiwa sana, una kasoro. Ndege waliotaga mchangani hawakusikii mpaka umewafikia. Wanaruka wote kwa pamoja, na mayai yanabaki yakiungua juani.

Nchi kavu ni rahisi zaidi: fuata njia iliyowekwa, usichungulie mashimo. Kaa wa nazi, kama wale wa kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, hujificha mchana na hutoka usiku. (Anaweza kufikia kilo 4, kwa hiyo vidole ni vyako.)

Waongozaji wasiishie kugawa maboya ya kuvaa. Wawaonyeshe wageni ratiba ya maji, waingie mwambani yanapojaa na watoke kabla hayajapwa. Penye viota, wapite mbali.

Msomaji wako