Mimi ndiye ninayewakaangia watoto wenu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nimjibu msomaji aliyeandika majuzi kwamba watoto wa mjini wanaharibika afya kwa sababu kina mama wa siku hizi ni wavivu wa kupika. Sijui bwana huyo huamka saa ngapi. Mimi naamka saa kumi na nusu alfajiri kumenya viazi, huu mwaka wa 17 hapa Ngamiani, Tanga, na hao kina mama anaowaita wavivu tunapishana gizani. Huyu anawahi samaki Deep Sea, yule anakwenda Mgandini kupokea machungwa ya Muheza kabla wachuuzi hawajayamaliza. Mtu wa namna hiyo akimwekea mtoto shilingi 1,000 juu ya kabati, na mtoto mwenyewe bado amelala, huo si uvivu. Ile elfu ndiyo chai ya asubuhi, na ndiyo chakula cha mapumziko ya saa nne. Na ile elfu, Mhariri, inaishia kwangu.

Kibanda changu kiko hatua kama thelathini kutoka geti la shule ya msingi. Sikupapata kwa bahati, nilipatafuta. Saa moja asubuhi watoto wameshajipanga, wengine hawaufikii hata ukingo wa meza, unaona mkono tu umeshika sarafu. "Shikamoo anko, za jero." Za jero, yaani za shilingi mia tano, ni kiganja kimoja cha viazi, chumvi, na tomato ya galoni, ambayo mimi nikiapishwa kwamba ndani yake mna nyanya nitaomba muda wa kufikiri. Jero iliyobaki inavuka barabara kwenda kwa jirani yangu mwenye friji, kununua soda ya kupima au kuchangia wawili kile kinywaji cha kuongeza nguvu. Chupani imeandikwa, kwa herufi ndogo kama mayai ya chawa, kwamba hakifai kwa watoto. Nani anasoma? Mtoto wa darasa la pili anaona picha tu.

Sasa niseme la mafuta, maana wengi mnayasema bila kuyajua. Habari kwamba tunakaangia mafuta ya transfoma ya umeme mniache nayo, nimeisikia kama mlivyoisikia nyinyi na sijayaona. Ninachokijua ni karai langu. Mafuta mapya siku ya kwanza yana rangi ya asali changa. Siku ya tatu yamekuwa chai ya rangi. Siku ya tano ni meusi, mazito, yanaanza kutoa moshi hata kabla viazi havijaingia. Muuza chipsi hayamwagi. Anaongezea mapya juu ya yale ya jana, na juu ya yale ya juzi, hivyo karai linaweza kumaliza mwezi bila kuona chini yake. Dalili moja haidanganyi: ukiinua chujio, povu la mafuta mazima linakufa mara moja. Mafuta yaliyochoka yanabaki na povu dogo dogo, laini kama la sabuni, halifi. Kila mkaangaji analijua povu hilo. Mimi nilikuwa nalijua tangu mwaka wa kwanza, nikawa nalifunika kwa viazi vingine.

Wakaguzi wa afya waliopita kwangu miaka yote hii walitazama kofia, aproni na cheti cha kupimwa. Hakuna hata mmoja aliyeinama kutazama karai.

Na gazeti lako nalo limo, Mhariri. Nailoni ikiadimika tunafungia kwenye magazeti ya juzi, mafuta ya moto yanachukua wino, na nimewahi kumwona mtoto ana kichwa cha habari kwenye kidevu.

Kilichonifanya nishike kalamu ni binti yangu. Ana miaka tisa. Kwa muda mrefu nilikuwa nafunga kibanda saa nne usiku na kurudi na zilizobaki, chipsi na kipande cha kuku, na nikimkuta amelala namwamsha ale. Nilikuwa namwamsha. Nilikulia katika nyumba ambayo usiku tulikuwa tukigombea ukoko, kwa hiyo mtoto wangu kuamshwa ale kuku kwangu ilikuwa fahari. Akanenepa. Majirani wakanipongeza, "mashaallah, mtoto ananawiri", na mimi nikazidisha. Mwalimu wake aliponiambia kwamba kwenye mchezo wa rede anakaa pembeni, na kwamba wenzake wanamwita Dumu, nilikasirikia wenzake.

Mwezi wa tatu akaanza kuhema akipanda ngazi, na macho yake ndani yamekuwa meupe. Nikampeleka hospitali. Mizani ikasoma kilo 47. Nesi akaniambia watoto wa kike wa umri wake huzunguka kilo 28 hivi. Halafu likaja lililonichanganya: damu yake ilikuwa 9.8, wakati mtoto wa miaka tisa hatakiwi kushuka chini ya 11.5. Nikamuuliza, mnene namna hii anapungukiwaje damu? Akanijibu, "Baba, umemshibisha, hujamlisha." Viazi, mafuta na sukari vinajaza mwili nguvu usizozitumia, lakini madini ya chuma ya kutengeneza damu ni haba. Yamejaa kwenye dagaa, maharage, mbaazi, mchicha, maini. Akauliza baba anafanya kazi gani. Nilitazama mikono yangu. Shati langu lilikuwa linanuka jibu.

Dada wa lishe pale hospitali hakunisomea sera. Alichukua chupa tupu ya soda ya mililita 350, kijiko cha chai na sukari, akaanza kuhesabu. Kijiko kimoja ni kama gramu nne. Alifika cha tisa. Akasema Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anazopata mtu kwa siku, na ikiwa chini ya 5 ni bora zaidi. Kwa mtoto anayehitaji kama kalori 1,600, hiyo asilimia 10 ni gramu 40. Soda moja tu imekaribia kuimaliza, na chai ya jioni hajanywa, askrimu hajalamba, ubuyu hajamung'unya. Chumvi mtu mzima asipite gramu tano, kama kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima, mtoto chini ya hapo. Mimi chumvi nanyunyiza kwa kopo lenye matundu niliyoyatoboa mwenyewe kwa msumari. Akaniuliza pia kama watoto wanapenda zile zilizokauka, za kahawia. Wanazigombania. Basi akanieleza kwamba wanasayansi wa Sweden waligundua mwaka 2002 kuwa vyakula vya wanga vikikaangwa kwa joto kali mpaka vibadilike rangi vinazalisha akrilamaidi, kitu kinachohofiwa kuchangia saratani. Afadhali rangi ya dhahabu, akasema, kuliko ya kahawia. Miaka 17 nakaanga, hakuna aliyewahi kuniambia.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 uliona watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano hapa nchini wamedumaa. Watu wakisikia hivyo wanafikiria njaa ya kijijini. Mimi nyumbani kwangu nina watoto wawili: mnene ndiye huyo wa miaka tisa, na mdogo wake wa miaka minne, mfupi kuliko wenzake wote wa mtaani. Karai ni moja.

Haya, nimefanya nini? Tangu Mei simuuzii mtoto mwenye sare kabla ya saa sita mchana. Siku ya kwanza nilipoteza kama shilingi 18,000. Wiki ya pili kijana mmoja akafungua karai lake hatua hamsini kutoka kwangu, na mafuta yake nayajua kwa harufu. Watoto walihamia huko bila hata kunitazama, isipokuwa mmoja aliyeniuliza, "Anko, tumekukosea nini?" Sikuwa na jibu la kumtosha mtoto. Mafuta namwaga kila baada ya siku ya tatu, na chujio natumia kila jioni kutoa masalia yanayoungua chini. Faida imepungua. Mama watoto analijua hilo kuliko mimi.

Kwa hiyo simwandikii msomaji yule kusema wazazi hawana kosa. Nasema anampiga asiye na nguvu. Elfu moja asubuhi kwenye geti lile inanunua nini kingine? Zamani alikuwepo bibi mmoja na sufuria ya mbaazi za nazi, mihogo ya kuchemsha, na ndoo ya uji. Mbaazi za bibi yule zilikuwa na yale madini ya chuma aliyoyataja nesi. Aliondoka kwa sababu mbili. Kwanza, ushuru wa meza ulikuwa uleule ninaolipa mimi, na faida yake haikufika robo ya yangu. Pili, watoto walianza kumcheka anayekula muhogo kwamba ni wa shamba. Tanga hii! Mji wa bada, ule ugali wa muhogo, na kisamvu, mtoto anaona haya kushika muhogo. Na sisi wazazi tumechangia, maana mtoto akifaulu tunamwambia, "twende nikakununulie chipsi kuku." Hakuna aliyewahi kuahidiwa mbaazi.

Nimesikia redioni kwamba Chile tangu 2016 pakiti yenye sukari, chumvi au mafuta kupita kiwango hupigwa alama nyeusi ya pembe nane, na haiuzwi ndani ya shule. Vizuri. Ila chipsi zangu hazina pakiti ya kubandika alama, na mimi siko ndani ya shule, niko nje ya geti. Ninaloomba kwa watu wa jiji letu ni dogo. Hatua mia za kwanza kutoka geti la shule za msingi, asubuhi mpaka saa sita, waachiwe wenye mbaazi, maharage, mihogo ya kuchemsha, mayai, ndizi, machungwa na maziwa, na wasamehewe ushuru wa saa hizo. Sisi wa karai tusogee, tutaishi. Wateja wetu wakubwa ni wa jioni, wanatoka uwanja wa mpira wa Mkwakwani au kazini, na miguu wanayo. Na mkaguzi akija, tafadhali ainue chujio, atazame povu.

Uji shuleni ungekuwa bora kuliko yote haya. Lakini mchango wa uji ni wa hiari, na kwenye kikao cha wazazi nilichohudhuria mwezi wa sita tulikuwa kumi na mmoja, shule ina watoto zaidi ya mia saba. Wale ambao hawakuja siwalaumu. Walikuwa Deep Sea.

Binti yangu ameshuka kilo mbili, damu imefika 10.9. Kuku anakula Jumapili. Usiku simwamshi tena. Hajaanza kucheza rede, lakini jana nilimwona amesimama karibu na mstari, viatu kavua.

Kibanda changu asubuhi sasa kimelala. Mwavuli upo, meza ipo, jiko la pili la mkaa lipo. Bibi wa mbaazi nimeambiwa yupo Makorora kwa mwanawe. Kama kuna anayemfahamu na anasoma hapa, amwambie nafasi ipo mpaka saa sita, na sitamtoza.

Mkaanga chipsi,
Ngamiani, Tanga.