Wakalimani wa viziwi waajiriwe hospitalini

Kwa Mhariri,

Nimesoma taarifa yenu kuhusu uhaba wa wakalimani wa lugha ya ishara. Katiba ya 2010, kifungu cha 120, inaitambua Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge, sawa na Kiswahili na Kiingereza. Hospitalini je?

Mimi ni mkalimani. Juzi nilimkuta mama kiziwi kliniki, akifasiriwa na mwanawe wa miaka 9. Daktari alipotaja kizazi, mtoto aliinamisha kichwa, mikono ikatulia mapajani. Dawa ikaandikwa hivyo hivyo. (Kuandikiana kwenye karatasi nako si jawabu, wapo viziwi wasiojua kusoma.)

Serikali za kaunti ziajiri wakalimani wa kudumu, wenye mshahara. Sasa hivi wengi wetu tunaambulia nauli.

Mkalimani,
Nakuru